Marehemu Bhalchandra Pednekar, Aliyekufa Mara Mia Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani wa Parel, na ninyi wapiganaji wa studio mlioacha kazi asubuhi hii, mimi ni Vasant, mdogo wake marehemu, na kwa idhini ya familia nitasoma maisha yake kabla mwanawe Mandar hajawasha moto wa kuchomea mwili kwa desturi yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Malvan, mtoto wa kwanza wa mzee Sitaram muuza samaki, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1970, akaja Mumbai kwa mjomba, na mwaka 1975 akaajiriwa kiwanda cha nguo, alikofanya kazi hadi mgomo mkubwa wa 1982 ulipomwacha hana kazi, ana mwili wa mieleka tu.

Mwili huo ndio uliomwingiza kwenye picha za kupigana, Machi 1983, na kwa miaka thelathini na sita alikuwa jambazi, akapigwa na mainspekta wa kila aina, akarushwa madirishani, akaangushwa juu ya matoroli ya nyanya, akapigwa risasi na stelingi mmoja aliyekuwa akifumba macho kila anapofyatua bastola, na mwenyewe alidai amekufa zaidi ya mara mia mbili.

Tarehe 11 Mei 1988 alimuoa Shalan, wakajaliwa Mandar mwaka 1990 na Ketaki mwaka 1994. Shemeji Shalan hakupenda mumewe afe hata kwa kuigiza, akakubali kwa sharti ambalo ni desturi ya studio zetu, kwamba anayekufa kwenye picha haachwi hivi hivi, kamera huendelea kuzunguka, yeye huitazama na kucheka, ndipo izimwe, ili kifo kibaki cha filamu. Kila jioni, kabla hajavua viatu, aliulizwa mlangoni, "Umecheka?" naye akajibu, "Nimecheka, mama Mandar, nipe wali."

Juni 2019 alivalishwa sare ya polisi kwa mara ya kwanza maishani, akiwa askari mzee anayemkinga inspekta kwa kifua chake dhidi ya risasi za wafanya magendo wa bandarini, na alijitazama kwenye kioo mpaka tukamtania. Jua lilikuwa linazama, mwongozaji anafoka, na mimi niliyeshika kamera nikaizima kaka yangu akiwa bado amelala chini. Nilisahau. Jioni ile aliulizwa mlangoni, na hakujua kudanganya.

Oktoba alianza kukohoa. Madaktari walieleza kuwa mapafu yake yalichoshwa na vumbi la pamba na moshi wa studio, tangu zamani, na nalisema hili wazi mbele yenu nyote. Hata hivyo shemeji hakunisemesha kwa miezi minne, aliniwekea chai mezani akaondoka, nami sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilijishuku.

Tarehe 5 Februari 2020, mchana, akiwa wodini na mpira wa oksijeni puani, alimkalisha shemeji upande mmoja, mimi upande wa pili, akaniambia nitoe simu. "Washa kamera, mpumbavu wewe, na safari hii usiwe na haraka." Akaitazama, akacheka mpaka kikohozi kikambana, kisha akasema, "Haya, Shalan, ile ya Juni imekwisha. Mpe huyu chai yake, na maneno yake." Shemeji akalia, akanishika mkono. Marehemu alifariki kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kukesha naye hospitali, na wapiganaji wenzake mliombeba leo, ninyi ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kuanguka bila kuumia.

Picha hiyo yenye shada la maua nimeitoa kwenye simu yangu, ni ile ya wodini akicheka. Kaka, mara zote ulipocheka uliinuka, ukajipangusa vumbi, ukaenda kula. Pumzika sasa kwa amani, leo hakuna anayekuharakisha.