Sindano Zilizompa Anaeli Pumzi

Ndugu waombolezaji, naomba tutulie, mimi ni Elisaria, kaka wa mama mzazi wa marehemu, ndiye niliyetumwa na mama huyo kuwasomea wasifu huu.

Marehemu Anaeli Nelson alizaliwa tarehe 14 Machi 1993, katika zahanati binafsi mjini Arusha, mimba ikiwa ya miezi saba, mtoto pekee wa Nelson Lemburis na Tabea, wa Poli, Meru. Alitoka mdogo mno, mapafu hayajakomaa, daktari akamdunga sindano za steroidi, dawa ya kusaidia mapafu, si siku moja wala mbili, wiki baada ya wiki, naye akapumua, jamani, tukashangilia, Nelson akampelekea daktari mbuzi wa shukrani.

Umri wa kukaa ulifika hakukaa, wa kutembea ukapita, miguu ikakakamaa kama mchi, maneno yakagoma. Hapo ndipo Tabea alipokiona cha moto, maana alikuwa akiuza mitumba Sombetini hata akiwa mjamzito, na ukoo wa mumewe ukasema hizo nguo za kafa Ulaya ndizo zilizomharibu mtoto, eti mizimu ya wazungu waliozivaa ilimfuata tumboni, wakamtenga hata kwenye sherehe, na Nelson, aliyejengewa nyumba kwa mitumba hiyohiyo, hakumtetea mkewe.

Kuhusu elimu, Januari 2002 ada ilikuwa imeshafutwa, watoto wote wakaitwa shule, Anaeli akarudishwa mlangoni. Kazi hakufanya, ndoa hakufunga, mtoto hakuacha, ila kibandani kwa mama yake alicheka na kila mteja, nao walimpenda.

Mwaka 2003 Tabea alimpeleka kwa bingwa wa watoto, akaelezwa kwamba dawa ile, ikitolewa kwa muda mrefu baada ya mtoto kuzaliwa, imeonekana kudhuru ukuaji wa ubongo, kwamba siku hizi hudungwa mama, kwa muda mfupi, kabla hajajifungua, na kwamba kwa mtoto huyu yeye bingwa hawezi kuapa, lakini dawa hiyo ndiyo anayoishuku. Si nguo! Tabea alirudi Poli mbio kuwaeleza wakwe zake, wakamwambia amemhonga daktari aseme hivyo. Jana wazee wa ukoo huo walitaka niiruke aya hii, nami nimeisoma.

Anaeli aliugua nimonia tarehe 20 Juni 2004, akafariki tarehe 27, mikononi mwa mama yake, kwa mapafu yaleyale yaliyopiganiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na yule wa kwanza pia, maana bila sindano zake huenda tusingemjua Anaeli, ingawa tulipompelekea habari za hali ya mtoto hakuja hata kumtazama. Tunawashukuru wauza mitumba wa Sombetini waliochanga jeneza, na majirani waliopika. Ninyi ukoo wa Lemburis tulikosa la kuwashukuru, lakini Tabea ameomba tuwaambie asanteni kwa kumsikiliza leo, kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho.

Pumzika kwa amani, Anaeli, mama yako hakukudhuru.