Mwalimu Gakwaya Anselmi, Aliyetufundisha Kukwepa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kinyinya, na wanafunzi wa marehemu mliokuja na mikanda yenu, ninaitwa Uwase, mtoto wake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Baba kwa Kiswahili, lugha aliyofundishia.

Gakwaya Anselmi alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Kayanga, Karagwe, Tanzania, akiwa mtoto wa nne wa wakimbizi kutoka Rwanda. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kayanga kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Bukoba hadi 1979, na huko ndiko alikojifunza karate kwa mlinzi mmoja wa bandari, ambaye kwa miaka miwili alimrushia ndala kutoka nyuma bila kumwonya, mpaka siku alipoinama kabla haijamfikia.

Alikuwa karani wa ghala mjini Bukoba kuanzia 1982, na tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Mukandekezi Sesilia, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Uwase mwaka 1990, Kaze mwaka 1993 na Mugeni mwaka 1997. Familia ilirudi Kigali tarehe 20 Desemba 1994, Baba akapata kazi ya kufundisha walinzi wa kampuni binafsi, na mwaka 2001 akafungua darasa lake la karate hapa Kinyinya, katika nyumba ya jirani iliyokuwa haijaezekwa.

Wengi mnamkumbuka kwa wepesi wa wanafunzi wake. Mwanzoni aliupima kwa rula ya sentimita thelathini, anaiachia katikati ya vidole vyako, unaidaka, naye anaandika ilipokamatwa, na mimi niliwahi kuidaka kwenye kumi na moja, akaandika na kumwita anayefuata. Mwaka 2003 aliitundika rula ukutani, akatutangazia kwamba kudaka ni mchezo, kukwepa ndiyo kazi, na tangu siku hiyo mkono wake ulikuja wakati wowote, mezani, mlangoni, katikati ya sala, na aliyepigwa aliambiwa, "Umekufa. Pitisha maharage."

Tarehe 17 Septemba 2006, Kaze alimwambia, "Baba, leo nimekufa mara tatu, nipunguziwe kuosha vyombo," sote tukacheka, Baba naye akacheka, na akiwa bado anacheka akampiga mara ya nne, na tangu jioni hiyo Kaze hasikii kwa sikio la kushoto. Mama hakuwahi kukwepa, alisema hawezi kuinama ndani ya nyumba yake, na mwaka 2008 alihamia Gahanga kwa dada yake, akarudi Kinyinya juzi kwa ajili ya msiba.

Mwezi Juni 2019 madaktari waligundua kwamba Baba ana ugonjwa wa kutetemeka, mikono ikawa mizito, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, siku moja aliniomba niishushe rula ukutani. Niliiachia katikati ya vidole vyake, ikaanguka chini, akasema, "Rudia," nikarudia mara kumi na moja, na kila mara nilimwambia, "Umekufa, Baba." Mara ya kumi na mbili hakuomba.

Katika kikao cha familia iliamuliwa niandike kwamba marehemu aliteleza, na baba mdogo Nizeyimana aliniambia, "Mwanangu, kuteleza kunatosha, watu wamekaa juani." Lakini ngazi zilikuwa kavu. Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Baba alikuwa anashuka ngazi za mbele ya nyumba, mimi nikiwa hatua moja chini yake, akapoteza mizani, akanyoosha mkono anishike, nami nilipouona mkono unakuja niliinama pembeni, ukapita juu ya bega langu, akaanguka ngazi tatu na kupasuka kichwa. Sikukusudia, na wala sikuchelewa.

Alilazwa siku sita. Siku ya nne alifumbua macho, akaniangalia, akasema, "Ulikuwa mwepesi," na katika miaka thelathini na minne sijawahi kusikia sifa nyingine kutoka kwake, wala Kaze na Mugeni hawajawahi kupata hata hiyo moja. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi, saa kumi jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba kutoka kwenye ngazi, wenzake wa kazini, na wanafunzi wake, ambao ninawaomba, mkifika nyumbani kwenu leo, mwingie polepole na watoto wenu wawaone mikono.

Pumzika, Baba, kwa amani, hakuna mkono unaokuja.