Kifungu cha Asubuhi: Shangazi Anaaga Meza ya Mikataba

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika mikataba ya ubia wa mashamba katika ofisi hii. Yeye mwenyewe anasema ni miaka thelathini na mmoja na siku tisa. Kwa kuwa hajawahi kukosea tarehe, tunamwachia siku zake tisa.

Shangazi si jina la kwenye vyeti vyake. Amepewa na wateja, kwa sababu huuliza lile swali ambalo ukoo mzima umelikalia kimya. Mikataba aliyoiandika inapita mia nne, lakini uliomkosesha usingizi kuliko yote hakuuandika yeye: ni wa mwisho, na ni wake mwenyewe. Nitaufikia.

Alipoanza, ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye taipureta iliyokuwa inaruka herufi R. Wakulima walikuja wawili wawili, wameshikana mikono, wakisema sisi ni ndugu, karatasi ya nini? Shangazi aliwakaribisha, akawapa viti, akavaa buti zake za mpira na kutaka apelekwe shambani. Hajawahi kuandika ubia wa shamba ambalo hajalikanyaga. Buti hizo zimekaa chini ya meza yake miaka yote, na mama msafishaji ameapa kwamba siku Shangazi akiondoka atapiga deki ngazi mara moja tu na zitabaki safi mpaka Krismasi.

Sisi tuliofundishwa naye tunajua vita vyake na neno "na kadhalika". Ukiandika katika rasimu kwamba mbia ataleta ng'ombe, majembe na kadhalika, karatasi ilirudi na swali pembeni kwa wino mwekundu: "Huyu Kadhalika ana ng'ombe wangapi?" Marafiki wawili walipotaka ubia wa mizinga, alikaa wiki mbili akitafuta jibu la nyuki wakihama ni wa nani. Tulimcheka. Mwaka uliofuata nyuki wakahama, na marafiki wale wakafungua ukurasa wa nne, wakasoma, wakaenda zao kunywa chai.

Lakini umakini huo hakuzaliwa nao. Aliupata kwa kosa, na amenitaka nilieleze kosa lenyewe bila kulipaka sukari. Katika mwaka wake wa tatu kazini aliwaandikia mashemeji wawili ubia wa maziwa: mmoja alileta ardhi na banda, mwingine ng'ombe watano. Kurasa kumi na moja, kila kitu mahali pake. Katika ukurasa wa tisa aliweka kifungu alichokionea fahari sana, kwamba ukizuka mgogoro, shughuli zote za ubia zitasimama mpaka usuluhishwe.

Mwezi wa nane mashemeji waligombana kuhusu nani aliacha lango wazi. Kila mmoja akachukua nakala yake, akasoma ukurasa wa tisa, akasimamisha shughuli. Kukamua nako ni shughuli. Ng'ombe hawakuwa wameusoma mkataba. Siku moja na nusu baadaye mtu akapiga simu ofisini, na Shangazi akakimbilia huko na viatu vyake vya visigino, buti zimebaki chini ya meza. Alikuta viwele vimejaa mpaka vinang'aa, ng'ombe wanalia, na wanaume wawili wazima wamesimama pande mbili za banda, kila mmoja na karatasi mkononi. Alivua viatu, akaomba ndoo, akakamua wote watano mwenyewe, maana amekulia zizini. Mashemeji walipatana jioni ileile, nadhani kwa aibu. Ng'ombe mmoja alipata ugonjwa wa kiwele na titi lake moja halikutoa maziwa tena. Shangazi anamkumbuka kwa rangi yake: mwekundu, mwenye baka jeupe shavuni.

Hapo ndipo kilipozaliwa kile tunachokiita kifungu cha asubuhi. Wabia wakija, Shangazi huwatenganisha, mmoja chumbani kwake na mwingine masjala kati ya makabati. Kila mmoja hupewa nusu karatasi yenye swali moja: "Mkigombana leo, kesho asubuhi nani atakamua?" Wenye kuku huulizwa nani atawalisha, wenye bustani nani atafungulia maji. Majibu yasipotaja mtu mmoja, siku hiyo haandiki kitu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Shangazi husema sawa, lakini taja jina la atakayelichukua. Katika mikataba yote iliyofuata wako waliofarakana, na sita walifika mahakamani. Hakuna mnyama aliyelala njaa.

Sasa ule wa mwisho. Mganga hajigangi, na Shangazi ana mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Mama yao aliwaachia shamba na ng'ombe wachache. Mdogo mtu alibaki huko akilisha na kukamua, dada mtu akabaki hapa na mafaili. Miaka sita iliyopita mdogo aliuza ng'ombe mzee wa mama yao bila kumwambia dada yake. Shangazi, badala ya kupanda basi, aliandika barua. Ilikuwa na nembo ya ofisi, kumbukumbu namba, na kichwa: YAH: UUZAJI WA NG'OMBE BILA RIDHAA YA MRITHI MWENZA. Ilianza na "Ndugu mhusika" na kuishia na mhuri. Mimi ndiye niliyeichapa. Niliona haifai, nikanyamaza, na hilo bado linanikera. Barua ilirudi katika bahasha ileile. Chini yake mdogo alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: Imepokelewa.

Hawakusemezana miaka sita. Mtu aliyekaa katikati ya familia za watu na kuzipatanisha alikuwa akila chakula chake cha mchana peke yake, dirishani, na sisi tulijifanya hatujui sababu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, barua yake ya kustaafu ilipoidhinishwa, alikuja mezani kwangu akasema anataka kurudi nyumbani na hajui kama ana nyumbani. Nikamuuliza kama nimwandalie rasimu ya barua. Alinitazama mpaka nikaona haya. Jumamosi akachukua buti zake na kupanda basi la kwanza, mkononi hana hata bahasha. Alichosema huko ni chao. Ninachojua ni kwamba Jumatatu alikuja na mikono imekufa ganzi kwa kukamua, na akaniomba niandike ubia wa watu wawili, yeye na mdogo wake.

Walikuja wiki mbili zilizopita. Nilifuata utaratibu alionifundisha, mdogo chumbani, Shangazi masjala. Alikaa kati ya makabati aliyoyajaza mwenyewe, nusu karatasi magotini. Alichukua dakika ishirini. Mdogo wake alichukua moja. Niliwaita, nikafungua karatasi zote mbili mbele yao.

Ya mdogo ilisema: Mimi. Ya Shangazi ilisema: Mimi.

Kwa kanuni yake, majibu hayo yanataja watu wawili, na siku hiyo sikutakiwa kuandika kitu. Nikamtazama mwalimu wangu anielekeze. Alikuwa amevua miwani na kuinama. Mdogo wake ndiye aliyeanza kucheka, akamvuta dada yake begani, akamwambia, "Basi njoo na ndoo yako, yangu siazimishi." Nikachukua kalamu nikaandika kwamba ng'ombe watakamuliwa na wabia wote wawili, kila siku, wawe wamegombana au hawajagombana. Shangazi akakisoma kifungu hicho mara mbili. Hakutia wino mwekundu.

Mkataba unaanza tarehe mosi, saa kumi na moja alfajiri.

Shangazi, ofisi inakushukuru kwa kila shamba ulilolikanyaga kwa ajili yetu, na mimi nakushukuru kwa kila rasimu uliyonirudishia. Wasifu huu umeusoma, umefuta sentensi tatu na "na kadhalika" moja, lakini ukaiacha habari ya barua. Ng'ombe wenu ni wanne na ndoo ni mbili. Tunakutakia asubuhi njema, Shangazi, na nyingi.