Kizito Mbena, Mpiga Dramu wa Kisirani

(Karatasi hii imechomekwa ndani ya programu ya mazishi. Wasifu uliochapwa ukurasa wa tatu usisomwe. Ulioandikwa hapa ndio wa kweli.)

Marehemu Kizito Mbena alizaliwa Alhamisi, tarehe 3 Juni 1971, Matombo, Morogoro, siku ya Mashahidi wa Uganda, akiwemo Mtakatifu Kizito, ndiyo maana padre hakuhangaika kumtafutia jina. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Mzee Baltazari Mbena na marehemu Mama Leokadia. Mbele yake walitangulia Douglas, ambaye ndiye mwandishi na msomaji wa maneno haya, na Skolastika.

Alisoma shule ya msingi hapo Matombo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Akiwa darasa la tano aliwekwa kwenye ngoma ya kwaya ya watoto, akadumu Jumapili tatu tu. Jumapili ya tatu aliipiga kwa kasi mpaka akina mama waliobeba vipaji wakafika altareni karibu wanakimbia, na bibi mmoja akamwaga mtama wake wote. Padre alicheka, lakini mwalimu wa kwaya hakucheka, na Kizito akapelekwa kupanga viti. Baba yao alipofariki mwaka 1987, Mama alimwandikia Douglas, aliyekuwa tayari karani wa tiketi za reli hapa London, barua yenye mstari mmoja wa maana: "Mdogo wako nakukabidhi, wewe sasa ndiye baba yake." Kizito akafika Septemba mwaka huo, ana miaka kumi na sita na koti la kuazima. Alimalizia masomo katika chuo cha ufundi Tooting, akahitimu ufundi bomba mwaka 1990. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwisho wa afya yake, na wengi mlioko hapa maji ya moto mnayaoga kwa mkono wake.

Programu iliyochapwa inasema kwamba nje ya kazi marehemu alikuwa mwanakwaya. Huo ni uongo, na aliyeuandika ni Douglas.

Ukweli ni kwamba Septemba 1991, katika stoo ya duka la baba yake Vijay, Tooting, Kizito na wenzake watatu walianzisha bendi ya muziki wa punk, ule wa kasi na ukali uitwao hardcore. Vijay, aliyesoma naye chuo, alipiga besi. Gurpreet, binti wa Kisingasinga kutoka Ilford, alipiga gitaa. Mwimbaji alikuwa Pacifique, na kuimba kwenyewe kulikuwa kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame. Jina la bendi alilitoa Kizito. Wenzake walimuuliza mama yake alikuwa akimwitaje alipokuwa mtundu, akawaambia: Kisirani. Basi ikawa Kisirani, na kwa miaka kumi na minane haikubadilisha jina wala mtu hata mmoja.

Douglas aliwaona mara moja tu, Februari 1992, katika ukumbi wa nyuma wa baa. Wimbo mmoja haukufika dakika mbili. Vijana waliokuwa mbele walirukiana kama watu waliomwagiwa siafu. Mdogo wake alikuwa kifua wazi, jasho linamtiririka, meno yote nje kwa furaha. Douglas aliona haya, akatoka kabla ya wimbo wa nne. Wiki hiyohiyo ilifika barua ya Mama ikiuliza Kizito anasali wapi. Douglas akajibu kwamba mdogo wake anapiga ngoma kwenye kwaya.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Douglas ilikwenda miaka kumi na saba. Mama aliisoma barua ile mbele ya jumuiya yake ya sala, na kila mwezi wakawa wanaiombea kwaya ya London. Mwaka 1996 akaomba kaseti. Douglas alinunua kaseti ya kwaya ya watu wengine kabisa, akabandua lebo, akaituma. Skolastika anasema Mama aliwapigia wageni kaseti hiyo miaka yote, akiinua kidole ngoma zinapoingia: "Sikilizeni mkono wa mwanangu."

Kizito alipoambiwa habari ya kaseti alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hao wanapiga vizuri kuliko sisi," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini ningependa anisikie mimi." Douglas alimsihi asimwambie Mama ukweli kwa sababu ya presha yake. Kizito akakubali, kwa kuwa kaka alikuwa mahali pa baba, na akina Mbena hawabishani na baba.

Marehemu alifunga ndoa na Gurpreet Jumamosi, tarehe 10 Julai 1999, katika ofisi ya serikali hapa Ilford. Wazazi wa bibi harusi walikuja, ingawa nao walikuwa na maneno yao. Kaka wa bwana harusi hakuja. Alisema yuko zamu. Hakuwa zamu. Alikaa nyumbani akatazama kriketi, mchezo asioujua hata sheria zake. Machi 2000 ndoa hiyo ilibarikiwa binti, akapewa jina la bibi yake, Leokadia.

Mwaka 2001 Mama alikuja London kumwona mjukuu, akakaa miezi mitatu nyumbani kwa Douglas. Alipotaka kwenda kuisikia kwaya, Douglas alimwambia wanakwaya wako likizo. Hapa ndipo pabaya kuliko pote, na ingekuwa hiari ya mwandishi angeparuka. Jumapili ya tarehe 17 Juni Kisirani walikuwa na onyesho la mchana kwenye ukumbi wa kanisa moja, onyesho la kuadhimisha mwaka wao wa kumi. Kizito alikuwa amefungwa na ahadi yake, lakini Gurpreet hakuahidi kitu. Siku mbili kabla, Kizito akiwa kazini, alikuja na mtoto mgongoni, akaketi mbele ya mkwe wake. Yeye hakujua Kiswahili, Mama hakujua Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza, polepole, akimwangalia Mama machoni: mwanao anapiga dramu katika bendi yangu, watu wanatoka mbali kumsikia, njoo Jumapili, tumekutengea kiti cha pembeni na vizibo vya masikio. Kisha akamgeukia Douglas amfasirie.

Douglas akamwambia Mama: "Anasema hiyo khanga imekupendeza."

Mama alifurahi, akamshika Gurpreet mikono yote miwili, akasema, "Ahsante mwanangu, ahsante sana." Gurpreet akaondoka anatabasamu, akijua amekubaliwa. Jumapili saa nane mchana Douglas alimpeleka Mama kutembea madukani. Kizito aliuliza mara moja tu, jioni, kwenye simu: "Mama alisemaje, kaka?" Douglas alimjibu kwamba Mama hakupenda kuja. Mama akafariki Matombo mwaka 2004, hajamsikia mwanawe hata siku moja, na mwanawe akaamini kwamba alikataa.

Kuhusu bendi yenyewe, mwandishi ameyajua wiki hii mambo ambayo wageni waliyajua siku nyingi. Walirekodi kaseti mbili na santuri tano, ya kwanza mwaka 1992, nyimbo kumi na moja kwa siku moja. Walizunguka Ujerumani, Poland na Uholanzi kwa gari la kubebea mabomba. Hawakuweka mabaunsa mlangoni, wala hawakumzuia mtoto wa shule kuingia. Sheria yao ilikuwa moja, akianguka mtu, muziki unasimama mpaka ainuliwe. Na hakuna bendi iliyopanda jukwaani kabla ya kula. Kizito mwenyewe alipika wali na maharage ya nazi kwa wapigaji wote na kwa yeyote aliyefika mapema, kwa sababu, alivyosema, kwao mgeni hatumikishwi na njaa. Leo kuna mji Poland ambako kila onyesho la muziki huo huanza na sufuria la maharage, na sufuria hilo wanaliita Kizito. Wapo wasichana wa Kihindi wa Tooting walioshika gitaa kwa kumwona Gurpreet, na vijana weusi waliozoea kusimama nyuma ya ukumbi wakasogea mbele kwa kumwona aliye kwenye dramu. Barua zimetoka Jakarta na São Paulo, maboksi mawili. Watu wasiojua Morogoro iko wapi wanauimba kwa kupiga kelele wimbo wa Kiswahili, "Nani Kakutuma", wote pamoja, neno kwa neno. Ndugu wa damu hakuujua hata kwa jina.

Mwezi Januari 2009 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipiga mara ya mwisho Jumamosi, tarehe 28 Machi, nyimbo sita, akapumzika, akamalizia mbili. Agosti alilazwa katika nyumba ya wagonjwa mahututi. Douglas alikwenda kila siku, akampelekea uji, wakazungumza habari za mpira na za marehemu Baba. Kizito alikuwa akipigapiga vidole juu ya blanketi. Kaka yake hakuwahi kumuuliza anapiga wimbo gani. Alifariki Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 2009, saa tatu asubuhi, Gurpreet akiwa amemshika miguu.

Alhamisi jioni wenzake wa bendi walikuja msibani nyumbani kwa Douglas, na michoro yao shingoni na viatu vyao vizito. Sebule ilikuwa imejaa watu wa jumuiya ya Watanzania wa hapa. Douglas akamwambia katibu wa kamati ya mazishi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, maana aliamini hawamwelewi: "Hawa wahuni wapewe chai waende zao. Padre akiwakuta hapa uso wangu nitauweka wapi?"

Pacifique akaweka kikombe chini. "Kaka Douglas," alisema, "chai tutakunywa, aksanti. Lakini kwenda hatuendi. Mimi ni mutu wa Bukavu. Yote nasikia."

Gurpreet akamuuliza Pacifique kwa Kiingereza kaka mtu amesema nini. Na yule aliyetukanwa, mbele ya watu wote, akamjibu: anasema tusiondoke bila kunywa chai. Alimsitiri. Douglas alikwenda chooni akafungua bomba ili asisikike. Amewahi kuaibika maishani, lakini hakujua aibu inaweza kumfanya mtu mzima atafute mahali pa kukaa akakosa.

Kesho yake alimwendea Gurpreet akamweleza yote, kuanzia barua ya 1992 mpaka khanga. Gurpreet alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Aliuliza jambo moja: kumbe Mama hakukataa? Douglas akasema hakukataa, hakuulizwa. Gurpreet akamfungulia mlango atoke.

Marehemu ameacha mke, Gurpreet. Binti mmoja, Leokadia, mwenye miaka tisa. Dada, Skolastika, aliyeko Morogoro. Ndugu zake Pacifique na Vijay, ambao programu haikuwataja. Na kaka, Douglas. Kamati ilikuwa imepanga wabeba jeneza sita kutoka jumuiya. Mpango huo umefutwa. Watabeba Gurpreet, Pacifique, Vijay na wapigaji wawili waliofika jana kutoka Poland. Nafasi moja imebaki. Douglas aliiomba, na Gurpreet akamjibu kwamba kwanza ayasome haya yote, yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wake.

Ameyasoma. Mdogo wake apumzike kwa amani.