Mgeni Aliyepata Jiwe

Risala ya wasichana wa Bweni la Pili, Chuo cha Ualimu cha Dashtigul, iliyosomwa siku ya Nairuzi na Mehrafzun, mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa Hotamzoda, uliye Naibu Mkuu wa Chuo na mlezi wa nidhamu yetu, wakuu wa vitivo, walimu wetu, Bibi Oyimjon, msimamizi wa bweni letu, wanafunzi wenzetu, pamoja nanyi wa Kitivo cha Michezo mlioketi kule nyuma na kuanza kucheka hata kabla hatujasema neno: Nairuzi njema na mwaka mpya mwema kwenu nyote.

KARIBU TENA

Mheshimiwa, ua huu umefurahi kukuona tena. Neno "tena" tumeliweka kwa makusudi, maana hukulazimika kurudi. Ratiba ilipobandikwa na jina lako likaonekana, nusu yetu walishangilia na nusu wakaenda kujifungia vyumbani. Bibi Oyimjon akatutoa huko kwa ufagio. "Mtu akirudi mahali alipoumia," alisema, "kaja na fimbo au kaja na msamaha. Vyote viwili vinahitaji ua safi. Haya, fagieni!" Tumefagia. Kiti ulichokalia tumekikalia kwanza sisi wenyewe kwa zamu, na hakiyumbi.

Risala za wenzetu huficha ombi lao mwishoni, chini ya shukrani nyingi. Sisi tumejaribu na tumeshindwa. Tumekuja kumwombea mwenzetu Zulaykho binti Davlat, wa Kitivo cha Lugha, ambaye tangu Nairuzi iliyopita hajakanyaga darasa. Mengine tutakayoyasoma ni ya kweli, lakini yote yanamzunguka yeye.

HISTORIA YA CHUNGU CHETU

Bweni hili lilianza na wasichana saba waliotoka mabonde saba. Majira ya kuchipua ya kwanza yalipowakuta hapa, mbali na mama zao, waliomba chungu kikubwa cha chuma jikoni kwa chuo wakapika sumanak. Kila mmoja alitia jiwe kutoka mto wa kwao. Tangu siku hiyo chungu hakijawahi kukosa Nairuzi hata moja.

Wapo wageni wetu wa nchi nyingine hapa, kwa hiyo tuseme kidogo. Sumanak ni uji mzito wa ngano iliyochipua. Hautiwi sukari, utamu wake unatoka kwenye ngano yenyewe, ukichochewa tangu asubuhi hadi asubuhi bila mwiko kupumzika. Mawe hukaa chini, yanagongana, yanauzuia uji usishike. Wakati wa kupakua, atakayekuta jiwe kwenye bakuli lake hulilamba, hunong'ona haja moja moyoni, akalitunza mwaka mzima. Nairuzi ikirudi, hulirudisha chunguni kwa mkono wake mwenyewe.

Na mtu anaweza kumtilia mwenzake jiwe kwa makusudi, kwa kumnuia heri. Hilo nalo tumelirithi, lakini lina mwiko wake: aliyetia hasemi kwa nini, si kwa aliyepewa wala kwa mwingine wa kando, mpaka mwaka utimie. Akisema, ile haja huvunjika. Tunaomba mheshimiwa uliweke neno hilo karibu, tutalirudia.

SHUGHULI NA MAFANIKIO YA MSIMU HUU

Theluji ilipoanza kuyeyuka, wasichana wa mwaka wa kwanza walipanda kilimani wakaleta maua ya kwanza. Wakayapitisha chumba kwa chumba, na kila mtu akayagusisha machoni, hata Bibi Oyimjon, ambaye alisema mwaka huu macho yake yanataka miwani kuliko maua, lakini hewala.

Tulifanya kazi ya pamoja siku tatu. Tumezibua mfereji, tumepaka chokaa mashina ya miti kutoka getini hadi maktaba, na tumepanda milozi upande wa jua. Wavulana wa Kitivo cha Michezo walikuja kusaidia kuchimba mashimo. Mashimo mawili walichimba, na picha nyingi wakapiga.

Ngoma yetu imefanyiwa mazoezi katika mvua, na ndiyo maana nguo za atlasi mtakazoziona baadaye zimefifia kidogo begani. Katika shindano la kugonganisha mayai, Sitora wetu aliwavunjia mayai mabingwa wote wa mieleka. Walidai yai lake ni la mbao. Alilimenya mbele ya mwamuzi, akalila.

CHANGAMOTO

Maji ya moto hayafiki ghorofa ya tatu. Taa ya ngazi ya nyuma imekufa. Kibali cha kupika sumanak mwaka huu kimetolewa, na tunashukuru, ila kimeagiza mawe yawe "ya ukubwa usioweza kuingia kinywani mwa mtu mzima". Tulimwita tena Sitora, ambaye kwa kinywa hana mshindani bwenini, akayajaribu moja moja. Yamefaulu.

Lakini yamefaulu mawe sita. La saba halipo. Hapo ndipo ilipo changamoto yenyewe, na hatuwezi kuizunguka tena.

Mheshimiwa, jiwe la saba la zamani lilipasuka kwa moto. Tukakubaliana badala yake litoke mto Obishirin, kwao Zulaykho, ng'ambo ya mlima. Alipokwenda likizo ya baridi, kabla ya Nairuzi iliyopita, tulimwagiza jiwe la ukubwa wa yai. Akarudi na kijiwe kama harage.

Aliyelala kitanda cha jirani yake ni huyu anayewasomea risala hii. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"We Zulaykho, ndiyo jiwe hilo? Hata kuku anameza!"

"Ndivyo ninavyotaka. Likiwa kubwa, wapambe wake watalitoa kabla bakuli halijamfikia."

"Wapambe wa nani tena?"

"Wa mgeni rasmi. Hili ni lake."

"Na likimwingia jinoni, je?"

"Aka, Mehri! Nani anatafuna sumanak? Sumanak inalambwa."

Na kweli, Mheshimiwa, katika mabonde yetu yote hakuna anayeitafuna. Lakini siku ile ya Nairuzi iliyopita, ulipokuwa mgeni wetu, mwandishi wa televisheni alikuwa amekuwekea kipaza sauti, unamjibu huku unakula, na mtu anayejibu swali hutafuna hata maji. Mlio ule wa jino tuliusikia mpaka sisi tuliokuwa kwenye mfereji wa nje. Ukasema "Voy!" Ulilitoa lile jiwe, ukalitazama, ukalifunga kwenye leso, ukaondoka umeshika shavu. Wapo waliocheka. Leo wameketi kule nyuma na wamenyamaza, nadhani wamejijua.

Tunakupa pole. Mwaka jana pole hiyo haikukufikia vizuri, kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbia. Jino ni jino, na kuumia mbele ya watu ni kuumia mara mbili.

Zulaykho hakukimbia. Alikwenda ofisini kwako bila kuitwa. Ukamwuliza, "Nani aliweka?" Akasema, "Mimi." Ukamwuliza, "Kwa nini?" Akainamisha kichwa. Ukamwuliza mara ya pili na ya tatu, naye kimya. Ulidhani ni kiburi. Nani angedhani vingine? Akasimamishwa masomo mpaka kamati ikae. Kamati haijakaa mpaka leo, na viti tunajua vipo.

Alipokuwa anafunga mzigo wake tulimzunguka. Bibi Oyimjon alikasirika tusivyowahi kumwona. "Rudi kamwambie! Neno moja tu, mwanangu, na shule yako unaipata!"

"Bibi, nikimwambia nimemharibia."

"Umemharibia jino tayari!"

"Jino linatengenezwa," akasema Zulaykho. Alikuwa analia, lakini alikuwa ameshaamua. "Haja ikivunjika haitengenezwi. Nitasubiri mwaka."

Akapanda gari la kwenda milimani. Mwaka huo ameuishi akikamua ng'ombe wa jirani na kuwafundisha wadogo zake kusoma kwenye vitabu vyake vya chuo. Baba yake yuko kwenye kazi za ujenzi Urusi. Kila akipiga simu huambiwa binti yuko darasani. Mama yake ndiye anayesema uongo huo, kisha hulala bila kula. Zulaykho ametuandikia mara chache, na kila mara huuliza kama mheshimiwa ni mzima. Sisi tuliumia kwa ajili yake, na tuseme wazi, zipo siku tulikuchukia.

Leo mwaka umetimia. Jua limeshavuka kuingia mwaka mpya, mwiko umefunguka, na yeye aliyelala kitanda cha jirani, ambaye hakuambiwa kitu ila alijikisia mwenyewe, ana ruhusa ya kusema.

Mheshimiwa, msimu ule Zulaykho alipokuja kuanza chuo, theluji ya mapema ilifunga njia ya mlimani. Alifika uandikishaji umeshafungwa, viatu vimelowa, cheti chake kakiweka kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Karani akamwambia arudi mwaka ujao. Alisimama ukumbini hajui aende wapi. Mtu mmoja akapita na mafaili kwapani, akauliza huyu vipi, akaelezwa. Mtu huyo hakusimama hata kidogo. Alisema huku anatembea, "Mlima haukuiuliza ratiba yetu. Mwandikisheni."

Mtu huyo ni wewe. Huenda huikumbuki siku hiyo. Kwako lilikuwa neno la njiani. Yeye ameishi kwa neno hilo. Hakuwa na zawadi ya kumpa Naibu Mkuu wa Chuo, binti wa mabonde ampe nini? Alikuwa na mto. Akaokota kijiwe, akakinuia, akakitia kwenye bakuli lako kwa mkono wake, ili nawe upate haja moja ya moyo wako.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni maji ya moto ghorofa ya tatu. La pili ni taa ya ngazi. Haya yanaweza kusubiri, tumeshayazoea.

La tatu ni jiwe. Utusamehe, katibu muhtasi wako ana mdogo wake bwenini humu, na maneno yana miguu. Tunajua hukulitupa. Tunajua liko mezani kwako kwenye kikombe cha kalamu, na ukipigiwa simu ndefu hulishika ukaligeuzageuza. Tumejiuliza sana, mtu aliyekasirika hutunza jiwe la nini? Bibi Oyimjon anasema wewe ni mtoto wa hapa hapa, bibi yako alichochea sumanak kama bibi zetu. Mtoto wa hapa akikuta jiwe kinywani, hata akiwa na maumivu, kuna kitu ananong'ona kabla hajalitema.

Hatukuulizi ulinong'ona nini. Tunasema tu kwamba mji huu ni mdogo. Tulijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba binti yako na mumewe walingoja mtoto kwa miaka mingi. Na msimu wa baridi huu tuliona taa za nyumba yako zinawaka, watu wanaingia na vifurushi, na tukasikia ni mapacha. Hongera, babu. Hatusemi ni jiwe. Madaktari wapo na Mungu yupo. Tunasema tu kwamba kuna msichana aliyenyamaza mwaka mzima, akapoteza masomo, ili asije yeye akawa sababu ya nyumba hiyo kukosa furaha. Barua ya mapacha tulimwandikia sisi. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Basi imetosha, sidai kitu."

Yeye hadai. Tunaodai ni sisi.

Tunakuomba, kama umelibeba, na kitu kinatuambia umelibeba, uje ulirudishe chunguni kwa mkono wako. Ni dogo na linaingia kinywani, kibali hakiliruhusu. Utatusaidia kwa sahihi. Na tunaomba lirudi pamoja na mwenye mto.

KWA KUMALIZIA

Chungu kimefunikwa tangu alfajiri. Kwa desturi kifuniko hufunuliwa na mgeni, na hakuna kati yetu aliyeonja, na Sitora tumemfungia chumbani kwa tahadhari.

Jambo la mwisho halimo katika risala tuliyopeleka ofisini kukaguliwa. Zulaykho yuko getini. Amefika asubuhi hii, njia ya mlimani ilipofunguliwa. Hakuja kuomba. Amekuja kwa sababu mwaka umetimia, na aliyetoa jiwe anapaswa kuwepo linaporudi. Babu Safar mlinzi amempa kigoda chake na chai, akamwambia, "Mwanangu, mkono wangu unataka kufungua, ila amri sina." Kwa hiyo amekaa. Amefika mlangoni kwako tena, amechelewa tena, mwaka mzima. Ila safari hii, Mheshimiwa, si mlima uliomchelewesha.

Mungu akupe umri, awakuze mapacha, aubariki mwaka mpya na kila kinachochipua ndani yake.

Ni sisi, wasichana wa Bweni la Pili: tuliopo hapa uani, na mmoja aliye getini.