Ambrose Fearon, Aliyekubali kwa Neno Lake

Tunayemsindikiza leo, Mzee Ambrose Fearon, alizaliwa tarehe 17 Januari 1940 katika shamba la Skelgarth, Cumberland, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa tatu wa Bwana Joss na Bi. Hannah Fearon. Theluji ilikuwa imeziba mlango, mkunga akapitia dirishani.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1945 hadi 1955, na huko ndiko neno lake lilikoanza kumtia matatani. Akiombwa jambo naye akalitaka kwa moyo wote, alijibu "lief", neno la kale la Kiingereza ambalo wenzake walikuwa wameshaliacha wakahamia "gladly" na "willingly". Sisi wa leo, basi, ni "sawa, hamna shida" tu. Mwalimu wake, Bi. Postlethwaite, alilikata kwa wino mwekundu alipolikuta daftarini.

"Ambrose, neno hili limezeeka kuliko mimi."

"Basi tuliheshimu, Mwalimu."

Alifuga kondoo wa mlimani kwa zaidi ya miaka hamsini. Kondoo hao hawana uzio. Kila mmoja hufundishwa na mamaye mahali pake pa malisho, kwa hiyo mfugaji akiondoka, kundi hubaki na kuachiwa anayefuata. Neno lake hakulitapanya. Mjukuu wake Elspeth aliwahi kumhoji:

"Babu, mbona daktari wa mifugo ulimjibu 'sawa' tu?"

"Alikuja na sindano."

"Na mama yangu, alipokupikia supu ya kabichi?"

"Hiyo 'sawa' niliisema nimefumba macho. Usimwambie."

Tarehe 12 Juni 1965 alimwoa Dorcas Mounsey. Kasisi alipomuuliza kama anamkubali, alijibu "lief" kanisa zima likasikia, ikabidi arudie kama ilivyoandikwa kitabuni. Bibi Dorcas, aliyetangulia mwaka 2011, alizoea kusema kwamba aliolewa mara mbili ndani ya dakika moja, na kwamba ndoa anayoihesabu ni ile ya kwanza.

Juni 2023 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakawa machache. Binti yake Rowena aliamua kumhamishia kwake Penrith, na jirani yao kijana, Kirsty Bewley, alichukue shamba. Kila alichoulizwa, Mzee alijibu "sawa". Chai, sawa. Kuhama, sawa. Rowena hakuwa na raha tena. "Nimemng'oa baba kama kisiki," alimwambia mumewe, Neil. "Hata sijui kama anataka."

Kwa desturi, anayeondoka humpitisha anayeingia kwenye mipaka ya kundi. Hivyo tarehe 14 Oktoba walimpandisha Mzee kwenye pikipiki ya magurudumu manne, Kirsty akiendesha, Rowena akifuata kwa miguu. Alionyesha kwa fimbo: jiwe hili, kijito kile. Walipomaliza, Kirsty alizima injini.

"Mzee Ambrose, sema kweli. Unaniachia kwa moyo, au umechoka kubishana na Rowena? Ukikataa, nashuka sasa hivi, wala sinuni."

"Nani... ataweza... kubishana na Rowena?"

"Acha utani bwana, nijibu!"

Alilitazama kundi. "Lief," akasema. "Lief, binti yangu."

Rowena alikaa chini palepale kwenye majani, akalia kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe.

"Inuka," baba yake akamwambia. "Utalowa."

Aliishi Penrith miezi kumi na sita zaidi, akila vizuri na kuyalalamikia mabasi. Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 6 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rowena.  Usiku ule Rowena hakuwa na la kumuuliza tena.

Ameacha dada yake Martha, binti yake Rowena na mkwewe Neil, wajukuu Elspeth na Corin, na kondoo mia na arobaini ambao, Kirsty anasema, asubuhi ya leo wote wapo mahali pao.

Lala bila wasiwasi, Babu. Sisi nasi hatuna.