Kaburi la Ng'ombe

"Feisal, si ndiye wewe uliyemzika ng'ombe wangu na ngozi yake?" Mama Anselm alimwambia daktari wa mifugo ndani ya Noah ya abiria ya kutoka Mutuka. "Ukammwagia na chokaa. Mbona hukumwitia na padri?"

Noah nzima ikacheka, na Romana, asiyepitwa na umbea, akacheka kuliko wote.

"Shikamoo, mama," daktari akajibu taratibu. "Kimeta ni ugonjwa unaoua, hauchagui ng'ombe wala mtu. Leo nimekuta kaburi limefukuliwa. Mmemla?"

Mama Anselm akajitanda kanga upya. "Mwanangu, nina msiba. Waombolezaji wale mawe?"

Kicheko kikamkauka Romana mdomoni. Jana alitoka kwenye msiba huo huo, amewafungashia wanawe minofu.

Noah ikasimama stendi. Watu wakashuka. Romana akamshika daktari mkono. "Na watoto waliokula, daktari?"